Mtoto wa mchimba makaa aliyejifunza kuchora watu bila mwalimu: uzi kuhusu Jack Vettriano, kwa wachoraji wa Dar

#1 RangiMafuta

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike kisha arudi. Nauandika kwa ajili ya vijana wa Dar wanaochora watu bila kupita chuo: wale wa mabango ya saluni, wa sura za marehemu zinazotundikwa sebuleni, wa kuta za baa na shule za chekechea. Mimi ni mmoja wao, banda langu liko Buguruni.

Machi 2025 alifariki mchoraji wa Uskoti anayeitwa Jack Vettriano, akiwa na miaka 73, huko Nice, Ufaransa. Tangu hapo nimekuwa nikisoma maisha yake kila nikipata nafasi kati ya kazi moja na nyingine. Wanaomsimulia husema alikuwa na kipaji, akashika brashi, dunia ikamwona. Mimi naona wameruka sehemu yenye faida kwetu, na hiyo ndiyo nataka tuijadili.

Alizaliwa 17 Novemba 1951, jina lake Jack Hoggan. Alikulia Methil, mji wa bandari katika eneo la Fife, bandari iliyokuwa ikisafirisha makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Nyumba ilikuwa ya wachimbaji, haina kitu cha ziada, kitanda kimoja analala na kaka yake, na nguo anazovaa ni zile zilizokwisha kumbana kaka. Alipofika miaka kumi baba alimtoa akatafute: kusambaza magazeti na maziwa, kusafisha madirisha ya watu, kuvuna viazi. Nusu ya alichopata ilikwenda kwa baba. Mliokulia Manzese au Tandale mkizungusha maandazi kabla ya kengele ya shule mnajua hesabu hiyo inakaaje kichwani mwa mtoto. Shule aliiacha mapema, akaenda kujifunza ufundi kwenye migodi.

Alipotimiza miaka 21, mpenzi wake alimnunulia boksi la rangi za maji kama zawadi. Wasimuliaji wengi wakifika hapa wanakimbia moja kwa moja hadi kwenye mamilioni. Naomba tusimame. Kijana wa mgodini amepata rangi. Hana mwalimu. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuchora. Anaanza vipi?

Alianza kwa kunakili. Picha yake ya kwanza ilikuwa nakala ya shamba la maua mekundu la Monet, mchoraji maarufu wa Ufaransa. Na akawa anakwenda Kirkcaldy, mji jirani, umbali ambao kwetu ni kama kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Pale kuna makumbusho ya mji yenye ukumbi wa picha. Ukumbi ule wa mji mdogo una mkusanyiko mkubwa wa kazi za William McTaggart, aliyechora bahari na watu wa pwani, na za S. J. Peploe, bingwa wa kupanga rangi. Hizi si picha zilizochapwa kitabuni. Ni turubai zenyewe, unasogea mpaka unaona brashi ilipita wapi, rangi ipi ilitangulia na ipi ikaja juu, nyeusi imekaaje pembeni ya nyekundu bila kuiua. Kijana yule alizitazama miaka na miaka. Anatoka kazini, anatazama, anarudi nyumbani, anajaribu.

Kwa miaka mingi hakuwa mtu yeyote katika sanaa. Alifanya kazi, alioa, alichora usiku. Mwaka 1984 alipeleka kazi zake kwenye maonyesho yaliyofanyika palepale Kirkcaldy. Mwaka 1987 ndoa ikavunjika, akaacha kazi, akahamia Edinburgh, akaanza kutumia jina la ukoo wa mama yake, lenye asili ya Italia. Aliomba kusoma sanaa chuo kikuu. Walitazama michoro yake, wakamkataa.

Mwaka uliofuata, 1988, alipeleka picha mbili kwenye maonyesho ya kila mwaka ya Royal Scottish Academy. Zilipokelewa zote mbili, na zote mbili zilinunuliwa siku ya kwanza. Maonyesho yale yanapokea kazi za mtu yeyote anayezileta, wanazichambua, zinazofaa zinatundikwa. Hakuhitaji cheti wala mjomba ofisini.

Mwaka 1992 alichora The Singing Butler. Ufukwe wenye mchanga uliolowa, mbingu ya kijivu, upepo. Mwanamke mwenye gauni jekundu anacheza na mwanamume aliyevaa suti nyeusi ya usiku, na kando yao watumishi wawili, wa kike na wa kiume, wameinua miamvuli. Aliipeleka London kwenye maonyesho ya Royal Academy, ikakataliwa. Mwaka 2004 picha hiyohiyo iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa karibu pauni 745,000. Nakala zake za kuchapwa, za kutundika na za kadi, zilienea Uingereza nzima hadi kwenye nyumba za watu ambao hawajawahi kuingia kwenye ukumbi wowote wa sanaa.

Wahakiki wakubwa hawakumkubali mpaka mwisho. Majumba ya taifa yalikaa naye mbali miaka mingi. Mwaka 2013 jumba la Kelvingrove mjini Glasgow liliweka maonyesho ya kazi zake za maisha, wakaingia zaidi ya watu 130,000. Na mwaka 2022 Kirkcaldy wakafanya maonyesho ya kazi zake za mwanzo, zikiwemo zile alizosaini kwa jina la Hoggan. Zikatundikwa katika jengo alilojifunzia kutazama.

Hoja yangu ni hii. Mtoto wa mchimba makaa alikuwa na vitu viwili ambavyo havikuwa kipaji. Kwanza, ukuta wenye picha za kweli karibu na kwao, ambao mtu wa mshahara mdogo angeweza kuingia na kutazama bila kuulizwa amefuata nini. Pili, mlango wa kuuzia usioulizia cheti. Ondoa kimoja, Jack Hoggan anazeeka akiwa kibarua anayechora vizuri, na hakuna ambaye angefungua uzi juu yake.

Vijana wetu wanaambiwa wajitume. Wanajituma sana, nawaona kila siku. Wanakaa kwenye simu wakitazama picha zilizobanwa kwenye kioo cha vidole vitatu, hawajawahi kusimama mbele ya picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa na bingwa. Ukuta wetu uko wapi? Na mlango je? Karibuni.

#2 DadaWaKeko

Mkuu nimesoma yote, asante. Ila swali langu ni moja. Kwa nini uende mpaka Uskoti? Tuna Tingatinga hapahapa. Alikuwa maskini kuliko huyo, hakusoma sanaa popote, na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Vettriano hakufikia hapo. Naona tuna tabia ya kumwona mtu wa nje akiwa shujaa na wa kwetu tunamwachia mtalii.

#3 MzeeWaMsasani

Binti yangu wa Keko amesema kweli, na mleta mada naye amesema kweli. Nitaongeza ninayoyajua, kwa kuwa vijana wengi wanamjua Tingatinga wa kwenye fulana tu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alitoka kwao akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyofanya watu wengi wa kusini wakati ule. Mkonge ulikuwa kazi ya jua na miiba, analipwa kwa mafungu ya majani aliyokata. Baadaye akaja Dar. Alifanya kazi za ndani na bustani kwa Wazungu upande huu wetu wa Msasani na Oysterbay, aliuza matunda na mboga, alihangaika kama mgeni yeyote wa mjini.

Alianza kuchora karibu mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichukua hadbodi, ile ya kuwekea dari, na rangi ya mafuta ya mkebe, ile ya kupakia baiskeli. Bodi moja ya futi nne kwa nane ukiikata futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane sawasawa, hakuna kinachotupwa. Ndiyo maana picha nyingi za Tingatinga mpaka leo ni za mraba, sentimita sitini kwa sitini. Ilikuwa hesabu ya mtu asiyeweza kupoteza hata kipande.

Anapaka rangi ya nyuma kwanza, moja tu, anaiacha ikauke. Kisha anachora mnyama mmoja au mtu, anamjaza bodi nzima. Chui mmoja, fisi mmoja, ndege mmoja. Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa ulaini kama ya mafuta ya wasanii, kwa hiyo alizipanga kando kwa kando na kuzipa mistari na madoa. Ung'aavu ule watu wanaousifu ni wa mkebe.

Sasa mleta mada, ule mlango wako. Mlango wa Tingatinga ulikuwa Morogoro Stores, Oysterbay. Duka walilokwenda Wazungu na maofisa kununua mahitaji. Picha zilipangwa nje, pale barazani. Mwenye pesa anatoka na mkate wake anakuta chui anamtazama. Hakuna kamati, hakuna barua. Baadaye hata shirika la serikali la kazi za sanaa likaanza kununua kwake. Na alipopata kazi Muhimbili kama mhudumu wa wagonjwa hakuacha kuchora.

Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani gari alimokuwa lina wahalifu. Alikuwa na miaka 40. Amechora miaka minne hivi tu. Lakini alikuwa amewaita ndugu na vijana wa kwao, amewaweka kando yake, wanajaza rangi, wanatazama mkono wake. Hao ndio waliobaki na kazi. Baadaye wakaunda umoja wao, na mpaka leo ukienda Morogoro Stores utawakuta wachoraji wa mstari huo.

#4 RangiMafuta

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi mno, hasa hapo kwenye mraba. Nimekata hizo bodi maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo.

Dada wa Keko, sikumwacha Tingatinga kwa kumdharau. Nilianza na Vettriano kwa sababu watu wakimsikia Tingatinga huchukulia ni mambo ya zamani, ya mwanzo wa uhuru. Huyu wa Uskoti alifariki juzi, na alikuwa akichora watu: nguo, uso, mkono wa mwanamume kiunoni mwa mwanamke. Kazi hiyo iko karibu na ya vijana wangu wa mabango.

Lakini simulizi la mzee limenisaidia kuona tofauti moja kubwa. Vettriano alipata ukuta kwanza, mlango ukachelewa miaka kumi na tano. Tingatinga alipata mlango mapema, na ukuta wake ulikuwa hafifu: picha za wachoraji waliotoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, vinyago vya Wamakonde, na yale aliyoyabeba kutoka kwao kusini, ambayo watafiti wanayabishania mpaka leo. Akatengeneza namna yake kwa hayo. Kisha wanafunzi wake wakawa na ukuta mmoja tu, yaani yeye. Ndiyo maana kazi nyingi za Morogoro Stores zinafanana sana. Anayejifunza hapo ana bwana mmoja wa kumtazama, na mnunuzi mmoja, mgeni, anayetaka kile alichokiona kwa jirani yake. Nawaheshimu sana ndugu zangu wale, wamesomesha watoto kwa brashi. Ila kijana akitaka kwenda nje ya mstari ule, hana pa kuegemea macho.

#5 Lugalo77

Niseme tofauti kidogo. Wahakiki hawakumkataa Vettriano kwa sababu ni mtoto wa mgodini. Mwaka 2005 iligundulika kwamba watu waliomo kwenye hiyo picha ya ufukweni mikao yao imetoka kwenye kitabu cha picha za kuelekezea wachoraji. Yaani wale wanaocheza dansi hakuwaona, kawachukua kitabuni. Mtu ananunua kwa pauni laki saba kitu kilichofuatishwa. Nyie mnamfanya mfano kwa vijana, mnawafundisha nini?

#6 FundiBangoTemeke

Kaka Lugalo, ngoja nikueleze kazi ilivyo, maana naona hujawahi kukaa na fundi.

Mteja analeta picha ya pasipoti ya baba yake, imekunjwa, imepigwa jua, anataka sura kubwa ya kutundika. Nachukua rula na penseli, napiga miraba juu ya picha, midogo, sentimita nusu nusu. Kwenye bodi napiga miraba idadi ileile, mikubwa. Kisha nahamisha mraba mmoja mmoja. Mraba huu una pembe ya jicho na kipande cha nyusi, ule una ncha ya pua. Mpaka hapo hata mtoto wa darasa la saba nikimkalisha siku mbili ataweza.

Kazi inaanza baada ya hapo. Picha ya pasipoti imepigwa mwanga wa mbele, uso umekuwa bapa kama sahani. Sasa wewe ndiye unaamua mwanga utoke wapi. Unamwekea kivuli chini ya shavu, na kivuli cha ngozi yetu hakiwekwi kwa rangi nyeusi, ukiweka nyeusi mzee anaonekana amepakwa masizi. Unachukua kahawia, unatia bluu kidogo, mahali pengine unatia zambarau. Kwenye paji la uso panapong'aa, wengine wanaweka nyeupe tupu. Mimi naweka njano iliyopauka, na kama nyuma ni bluu naazima bluu ileile. Mteja akija anasimama, anasema "ndiye huyu", na mara nyingine anatoka nje kidogo kabla ya kurudi kunilipa. Hiyo pasipoti niliyofuatisha haikuwahi kumtoa nje.

Kitabu kile kimetengenezwa ili wachoraji wakitumie, ndiyo kazi yake. Mtu asiye na pesa ya kumlipa mtu asimame mbele yake kwa muda wa saa tatu anatumia kitabu. Wanaosoma chuoni wanaletewa mtu wa kusimama. Kitabuni hakuna ufukwe, hakuna upepo, hakuna gauni jekundu wala miamvuli. Hayo aliyaleta yeye.

#7 Lugalo77

Fundi, hapo kwenye kivuli cha ngozi umenifundisha, nakubali. Mkao uwe umeazimwa, sawa. Bado naona Vettriano alirudia mambo yaleyale: mwanamume wa suti, mwanamke wa viatu virefu, sigara, chumba chenye giza. Akishapata kinachouzwa akakaa hapo. Na wanawake wake wengi wako pale watazamwe tu. Mtu anaweza kutoka kwenye shida na akapendwa na watu, na mhakiki akawa bado ana haki ya kusema picha haina kina.

#8 RangiMafuta

Lugalo, haki hiyo anayo, na mengine uliyosema nakubaliana nayo. Kuna picha zake ninazipita haraka. Ninachokataa ni kumfungia mlango kabla watu hawajaona. Kelvingrove walitundika picha zaidi ya mia moja, watu wakaingia wakaamua wenyewe, na wahakiki wakaandika walichoandika. Hiyo ndiyo haki ninayoitaka kwa kijana wa Temeke: atundikwe, kisha asemwe.

Kuhusu kurudia, tuangalie pia tumbo. Mtu aliyekua akigawa nusu ya pesa ya maziwa kwa baba yake, siku ya kwanza ameuza picha mbili, utamwambia mwaka unaofuata abadilishe kila kitu? Tingatinga aliyefariki baada ya miaka minne hatukupata hata kujua angebadilika vipi.

#9 MsomajiWaUpanga

Naomba niongeze jina moja ambalo huwa linasahaulika, George Lilanga. Mtu wa Masasi, amejifunza kuchonga kwa wazee wa kwao Wamakonde. Alipoingia Nyumba ya Sanaa hapa mjini aliajiriwa kama mlinzi wa usiku. Mlinzi! Akaonyesha vinyago vyake, akapewa nafasi ya kufanya kazi ndani, na kutoka kwenye uchongaji akahamia kwenye rangi. Wale mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo wameingia kwenye mikusanyiko mikubwa ya Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Nyumba ya Sanaa ilikuwa ukuta na mlango kwa pamoja. Mlinzi anakesha kati ya kazi za watu, asubuhi anawaona wenyewe wakifanya kazi, na wanunuzi wanakuja hapohapo. Linganisha na wasomi wa wakati ule kama Sam Ntiro, aliyepita Makerere na Slade, chuo cha sanaa cha London, akawa hata balozi wetu Uingereza. Ntiro alichora watu wa kijijini wakilima na kuvuna, kazi nzuri sana, lakini njia yake ilikuwa ya shule. Lilanga hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na jengo.

#10 MamaJuhudi

Jamani hamjambo. Mimi sijui mambo ya sanaa, nimeletwa hapa na binti yangu. Nina kijana, amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Anachora watu tangu mdogo, anachora abiria kwenye daladala, anamchora baba yake akiwa amelala. Baba yake anasema aende akajifunze udereva, huko kuna pesa ya kila siku. Alipeleka daftari lake mahali fulani wanapofundisha, wakamwambia alete cheti chenye alama. Daftari hawakulifungua. Tunakaa Mbagala. Nifanyeje? Naomba mnijibu kwa lugha ya kawaida.

#11 RangiMafuta

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo lililofanya niandike uzi huu ingawa nilikuwa sikujui.

Kwanza udereva usiukatae. Vettriano alikuwa na kazi ya mshahara karibu miaka yote aliyokuwa akijifunza. Tingatinga alichora huku ni mhudumu Muhimbili. Kijana akiwa na chake mfukoni hatauza picha yake ya kwanza kwa bei ya rangi. Muhimu ni asiache kuchora hao abiria. Mtu anayechora watu waliolala na wanaoyumba kwenye daladala anajifunza jambo gumu kuliko sisi tunaofuata picha za pasipoti, maana mwili wa mtu aliyechoka una uzito wake na lazima auone kwa haraka kabla hajashuka kituoni. Daftari hilo alitunze, aandike tarehe kila ukurasa.

Kuhusu ukuta. Aanze na Nafasi Art Space, Mikocheni, kule kwenye eneo la viwanda vidogo. Ipo tangu 2008, wasanii wana vyumba vyao vya kazi mle ndani na kuna ukumbi wa maonyesho. Aende siku ya maonyesho, asimame, asogee karibu na picha mpaka aone brashi. Aulize. Wachoraji wengi wakiulizwa kwa heshima kuhusu rangi wanaeleza mpaka unachoka wewe. Aende na Morogoro Stores akawatazame wale wazee wanavyovuta mstari mrefu kwa brashi bila mkono kutetemeka, hilo hawezi kulipata kwenye simu. Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert, aingie pia.

Mlango ni mgumu zaidi, sitakudanganya. Royal Scottish Academy ya kwetu, ile ambayo yeyote anapeleka kazi kila mwaka na kazi inatazamwa kabla ya jina, mimi sijaipata. Ndiyo maana nasema wenye kumbi na mamlaka wa Dar waifanye. Ukumbi upo, kuta zipo, misumari ni bei ndogo. Watangaze mwezi mmoja, wapokee, wachague, watundike, kiingilio kiwe bure ili mama wa Mbagala aje na jirani zake. Siombi ruzuku ya ajabu.

#12 FundiBangoTemeke

Mama Juhudi, na mimi nina neno. Kijana akichoka kukaa bila shughuli aje kwangu Temeke akae nami bandani. Sitamlipa mwanzoni, nasema wazi, ila chakula cha mchana kipo na bodi za mabaki ni zake. Nitamfundisha kupiga koti la rangi, kusubiri likauke na kuchanganya ngozi. Sehemu ya mabango ataishika haraka, na bango la saluni linalipa siku hiyohiyo. Nikutumie ujumbe pembeni.

#13 MzeeWaMsasani

Mkishampata msije mkasahau karatasi. Ile picha ya Vettriano ilipouzwa 2004, aliyelipwa ni aliyekuwa nayo wakati ule. Sheria ya kumpa msanii fungu pale picha yake inapouzwa tena kwa wafanyabiashara wa sanaa Uingereza ilianza kutumika mwaka 2006. Kilichompa yeye pesa ni hakimiliki ya nakala, zile za kuchapwa na kadi, kwa kuwa picha ukishaiuza bado haki ya kuichapa ni yako isipokuwa umeitia saini ya kuitoa. Kwetu tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo ofisi yake. Michoro imo humo, si muziki peke yake. Kijana aandike nyuma ya kila kazi jina na mwaka, apige picha kabla haijaondoka mkononi mwake, na asikubali mtu amwambie "nimenunua na haki zote" bila maandishi na bei yake.

Wachoraji wangapi wameona chui wao kwenye vikombe na khanga na hawakupata hata nauli?

#14 DadaWaKeko

Mzee, hilo la vikombe tufungue uzi wake.

Kuhusu maonyesho ya wazi ya kila mwaka, mimi nafanya kazi kwenye ukumbi wa sherehe huku Keko. Jumatatu hadi Jumatano unakaa mtupu. Nimemuuliza bosi jioni hii, kasema siku tatu atatoa kama tutasafisha wenyewe na hatutatoboa ukuta. RangiMafuta, picha zinaweza kutundikwa bila kutoboa?

#15 RangiMafuta

Dada! Zinaweza. Tunapita kamba ya waya kutoka nguzo hadi nguzo juu, picha zinaning'inia kwa ndoano, ukuta hauguswi. Kazi zisizo na fremu tunazibana kwenye vipande vya mbao. Nitumie urefu wa ukuta na nafasi kati ya nguzo nijue tunaweza kuchukua kazi ngapi. Taa zikoje, za njano au nyeupe?

#16 DadaWaKeko

Nyeupe, zile ndefu. Mbili zimeungua. Kesho nitapima nitume.

#17 MamaJuhudi

Fundi wa Temeke, nimeona ujumbe wako. Atakuja Jumamosi, pamoja na daftari lake. Baba yake amesema atamsindikiza, anataka kuona hilo banda kwa macho yake.